Viti Sita vya Mwisho Kulia

Mjomba wangu alikuwa msimamizi wa ukumbi wa baraza la mji kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwona amekaa akatulia. Alikula amesimama, akasoma gazeti amesimama, na wageni wakija alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa. Mkaza mjomba alikuwa akisema ameolewa na mwanamume mwenye viti arobaini na viwili asiyejua hata kimoja ni cha kazi gani.

Mjini walimwita Bwana Spana, kwa sababu ya spana iliyochungulia daima kwenye mfuko wake wa nyuma. Viti vya madiwani vilikuwa vimefungwa sakafuni, kila kimoja kwa bolti nne. Hilo lilianza kabla sijazaliwa, siku diwani mmoja alipomrushia mwenzake kiti na kikampata mwandishi wa kumbukumbu. Tangu hapo, baada ya kila uchaguzi, mjomba alifungua bolti mia moja sitini na nane, akahamisha viti kufuata ukubwa wa makundi, akavifunga upya. Mpango ukishatiwa saini na yeye pamoja na katibu wa baraza, haukuguswa tena kwa miaka mitano.

Kanuni aliyoifuata ilikuwa sentensi moja: msimamizi atapanga makundi kwa mwelekeo wao, kuanzia kushoto kwa mwenyekiti hadi kulia kwake. Haikuwahi kumsumbua. Watu wa umoja wa wafanyakazi aliwaweka kushoto, wafanyabiashara na wenye majengo kulia, na wale ambao hawajaamua aliwaweka katikati, karibu na mlango wa choo. Mchoro wenyewe aliuchora kama alivyouona ukumbi akiingia na sanduku lake la vifaa, mlango ukiwa chini ya karatasi na meza ya mwenyekiti juu. Kwa hiyo kwenye karatasi yake, kulia kwa mwenyekiti kuliangukia upande wa kushoto. Madiwani wa zamani walilijua hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao.

Mwaka huo, akiwa amebakiza miezi minne astaafu, watu sita wapya walichaguliwa. Chama chao kilijiita Chama cha Wafanyakazi na Taifa, lakini mitaani waliitwa Mashati ya Kijivu. Waliandika barua kwa katibu wakitaka viti vya mwisho kabisa upande wa kushoto, kando ya umoja wa wafanyakazi, kwa kuwa wao ndio wafanyakazi wa kweli. Katibu alimpa mjomba barua ile huku akipiga miayo. Alimwambia awape wanachotaka, viti ni viti tu, na asisahau kwamba mtumishi anayemaliza muda wake salama huachiwa nyumba ya baraza mpaka kufa kwake, na anayefukuzwa hupewa siku kumi na nne.

Nyumba hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiishi, nyuma ya ukumbi: vyumba vitatu, na ua ambako mkaza mjomba alikuwa na matuta yake ya nyanya. Mimi nilikaa nao tangu nianze chuo, na nilipomaliza shahada ya historia nikapata kazi ya kupanga vitabu katika maktaba ya chuo hicho hicho.

Siku iliyofuata alikuja Fundi. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, kiongozi wa umoja wa mafundi nguo na diwani kwa vipindi viwili. Wiki chache kabla ya uchaguzi Mashati ya Kijivu waliingia katika ofisi ya umoja ule, wakavunja vyerehani kumi na kimoja, na mmoja wao akamkanyaga Fundi mkono wa kulia kwa buti mpaka vidole vitatu vikavunjika. Kesi haikufunguliwa. Alipoinua kikombe cha chai kwetu alikishika kwa viganja viwili, kama mtoto.

“Mimi sigombani na wewe, kaka yangu,” alimwambia mjomba. “Panga utakavyo. Lakini nikiingia nikawakuta begani kwangu, nageuka narudi nyumbani, na wenzangu wanane watanifuata. Hao ni mafashisti. Huwezi kumchukua aliyenivunja vidole ukamweka anishike kiwiko.”

Alipoondoka mjomba alitembea kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni mara nyingi mno, mkaza mjomba akamwambia ataichubua sakafu. Hatimaye akasimama mbele yangu.

“Profesa,” alisema, ndivyo alivyopenda kunitania, “hebu niambie. Fashisti anakaa upande gani?”

Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba inategemea.

“Bolti haijui inategemea,” alisema. “Inaingia hapa au inaingia pale.”

Nikaleta vitabu. Jioni mbili nilimsomea, yeye akitembea. Nilimweleza kwamba wapo wanaosema ufashisti ni wa kushoto: kwamba kiongozi wao wa kwanza alitoka kwa wajamaa, kwamba chama chao katika nchi ya pili walikotawala kilibeba neno ujamaa na neno wafanyakazi katika jina lake, na kwamba walitaka serikali itie mkono katika kila kitu, mpaka michezo ya watoto. Wengine husema haukai popote, kwa sababu wenyewe walidai kuwa njia ya tatu. Na wengi zaidi husema ni wa kulia kabisa, kwa kuwa uliapa kwa taifa na kwa vyeo, ukadharau usawa, ukavunja vyama vya wafanyakazi huku viwanda vikibaki na wenyewe, na wa kwanza kutupwa gerezani walikuwa wakomunisti na wajamaa wale wale wanaodaiwa kuwa ndugu zake.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza.

“Na wao wenyewe, walipoingia bungeni mara ya kwanza, walikwenda kukaa wapi?”

Ilinichukua siku nzima kupata jibu. Katika nchi walikoanzia, miaka kama mia moja iliyopita, walipopata viti bungeni walikwenda wenyewe mwisho wa upande wa kulia. Katika nchi ya pili, ile yenye ujamaa katika jina, vivyo hivyo.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema walioandika vitabu vinene namna hii wangemtafuta mpanga viti wakala chai naye, wakaokoa karatasi. Lakini kicheko kilimwisha ghafla. “Hao ni wao,” alisema. “Hawa wetu sijui wanakwenda wapi. Siwezi kumfunga mtu bolti kwa sababu ya bunge la watu wengine.”

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni jirani yetu, dobi. Alikuwa mtu mpole, aliyetuazima pasi kila umeme wetu ulipokorofisha, na miezi michache nyuma alianza kuvaa shati la kijivu. Asubuhi moja mjomba alimkuta akianika mashuka ya hoteli akamuuliza, bila kuzunguka, angependa chama chake kikae wapi.

“Jirani, nitazame mikono,” dobi alisema, akaionyesha, imeparara kwa sabuni. “Kulia wako wenye mabasi na wenye majengo. Mimi nafua mashuka yao. Leo unataka kunipeleka nikakae nao?” Akasema pia kwamba kabla ya Mashati ya Kijivu hakuna mtu aliyewahi kusimama yeye akipita, na sasa wanasimama.

Mjomba alirudi ndani asiguse chakula. Alituambia yule bwana anasema kweli, na chama kimejaa watu kama yeye. Kama ni kuhesabu mikono yenye sugu, basi katibu ana haki, wakae kushoto. Nilimwambia kwamba hata zamani wengi waliowafuata walikuwa watu waliochoka na kuogopa, si matajiri. Alikuwa ametoa kijitabu cha kanuni, akaweka kidole chini ya ile sentensi, akaisoma kwa sauti mara mbili. Haikusema jina la chama. Haikusema mikono. Ilisema mwelekeo.

Basi akaomba ruhusa mchana wa siku mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa na mama yake, akaenda kuangalia wanakoelekea.

Kiwanda cha sabuni kilikuwa na mgomo wiki ile. Wafanyakazi kama mia mbili walisimama juani nje ya lango wakidai likizo ya ugonjwa. Mashati ya Kijivu walikuwapo pia, na mjomba alitegemea kuwakuta miongoni mwao, kwa kuwa ndio wafanyakazi wa kweli. Alipofika aliwakuta wameligeuzia lango mgongo na kuwaelekezea watu uso, na marungu mapajani.

“Mapajani?” niliuliza.

“Walikuwa wamekaa,” alisema. “Hilo ndilo ninalokwambia. Viti kumi na viwili vyenye mito, vya ofisi ya meneja. Mlinzi alivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, akivifuta vumbi. Mtu hakutolei kiti cha ofisini kwake kama hujui umekuja kumfanyia nini.”

Siku ya pili alikwenda tena kuhakikisha, na viti vilikuwa pale pale. Jirani yetu dobi alikuwa mstari wa mbele, rungu mkononi. Yeye alikuwa amesimama. Viti havikumfikia.

Alhamisi Mwenye Mabasi alimfuata mjomba ukumbini. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa madiwani wa kulia, mzee mwenye suti moja ya kahawia. Habari zilikuwa zimemfikia, akawa amekasirika. Alisema yeye ni mtu wa kulia na haoni haya: anataka kodi ndogo, anataka watu waheshimu wakubwa, na migomo haipendi. Lakini hajavunja mtu vidole. Wakiwekwa kando yake, mji utasema ni kitu kimoja.

Mjomba alimwambia hawezi kuwaweka barabarani, kura wamepata. Ila kata moja ilikuwa imeahirisha uchaguzi mpaka mwaka ujao, na diwani wake hata akija atakaa katikati, kiti cha akiba kipo stoo. Kwa hiyo kiti kimoja upande wa kulia kitabaki kitupu. Atakifunga kati ya watu wake na Mashati ya Kijivu.

“Lakini mzee, mimi nafunga bolti tu,” alisema. “Kubaki kitupu ni kazi yako.”

Mwenye Mabasi alimpa mkono.

Ijumaa asubuhi mjomba alipeleka mchoro kwa katibu, ambaye alikuwa kwenye simu, akatia saini bila kuinua macho kama alivyofanya mara tano zilizopita. Mjomba akaubandika mlangoni mwa ukumbi. Mchana akaja Kamanda, kiongozi wa Mashati ya Kijivu. Zamani alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na bado alizungumza na mtu mmoja kama anazungumza na uwanja mzima. Aliutazama mchoro, akaona viti vyake sita ukingoni kabisa mwa karatasi, upande wa kushoto, akatabasamu. Alimwambia mjomba anaijua kazi yake, na kwamba wazee kama yeye hawatasahaulika.

Mjomba alifungua mdomo amwambie kwamba karatasi inasomwa kutoka mlangoni. Kilichotoka ni neno moja: karibu.

Hapo ndipo alipokosa raha kabisa. Mezani alitusimulia, akaenda uani, akarudi akatusimulia tena. Hakujua kama amesema uongo. Alisema kama angekuwa jasiri angemweleza yule mtu usoni, na sasa haelewi kama viti vile amevipanga yeye au amepangiwa na kosa la mwingine.

Mkaza mjomba alimwambia karatasi ni ile ile ya miaka ishirini na minane, hakuna aliyeichora upya kwa ajili ya Kamanda. Kisha akaangalia nje, kwenye matuta yake.

“Nyumba naipenda,” alisema. “Sitakudanganya. Lakini usije ukasema umeacha kwa ajili yangu. Hilo sitalibeba.”

Jumamosi nilikwenda naye kufunga bolti. Nilimkabidhi nati moja moja, na kila alipomaliza safu alinipandisha kwenye kiti cha mwenyekiti niangalie kama imenyooka. Sijawahi kukaa mahali pa juu kiasi kile, nilikaa ukingoni kama yeye. Kutoka pale mkono wangu wa kushoto ulielekea kwa viti vya Fundi na wenzake, na wa kulia, mwisho kabisa, baada ya kiti kimoja kitupu, kwa vile sita. Hakukuwa na utata wowote. Viti vile sita alivizungushia nati mara mbili zaidi.

Jumapili alivaa viatu mara mbili kwenda kumweleza Kamanda ukweli. Mara ya pili alifika hadi lango la nje, akasimama hapo kwa muda mrefu na mkono kwenye komeo, akarudi.

Jumatatu roshani ya wananchi ilijaa. Fundi alifika mlangoni na wenzake wanane nyuma yake, akasimama, akatazama ukumbi wote kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisha akaenda kwenye kiti chake. Mashati ya Kijivu waliingia kwa hatua moja kama askari. Kamanda alikata kushoto kwake bila kusita, akafuata vibao vya majina, wakakaa wote sita pamoja. Nikaona uso wake ukibadilika kidogo alipomwona Fundi mbele yake, ng'ambo ya ukumbi, mkono uliopinda juu ya meza.

Mwenyekiti akaanza kuita majina kwa pande, kama ilivyo ada. Alianza na kushoto kwake, akamaliza umoja wa wafanyakazi, akapita katikati, akaingia kulia. Alipofika mwisho wa kulia na kukitaja Chama cha Wafanyakazi na Taifa, Kamanda alikuwa amekwisha simama.

Alisema kuna kosa. Aliomba kushoto na akaonyeshwa kushoto. Katibu alichukua mchoro, akaugeuza, akaugeuza tena, jasho likamtoka. Mwenyekiti akauliza nani amepanga.

Mjomba alikuwa mlangoni, amesimama kama siku zote.

“Ni mimi, mheshimiwa,” alisema. “Aliomba, ni kweli. Lakini kanuni haisemi maombi, inasema mwelekeo. Nimekwenda kuangalia wanakoelekea. Pale kiwandani walipewa viti vya meneja wakakaa, wafanyakazi wamesimama. Nimewaweka karibu na waliowapa viti.”

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nadhani nusu ya ukumbi haikusikia, lakini Kamanda alisikia. Aliinama, akashika kiti chake kwa mikono miwili akivute akipeleke mwenyewe ng'ambo. Kiti hakikusogea. Mtu mmoja roshani akacheka. Kama angeachia hapo pengine yangeisha, lakini alivuta tena, kwa nguvu zake zote za mwalimu wa mazoezi, mshono wa kwapa ukafumuka, na roshani yote ikaangua kicheko.

“Mheshimiwa, kaa au simama,” mwenyekiti alisema, “lakini kiti kiache.”

Akakaa. Kwa muda wote uliobaki hakumwangalia mwenyekiti wala Fundi. Alimwangalia mjomba.

Barua ililetwa Jumatano na katibu mwenyewe, ambaye aliikabidhi akitazama mbao za dari. Ilisema msimamizi amempotosha diwani kwa mchoro. Siku kumi na nne. Mpango wa viti haukuguswa. Saini ilikuwa ya katibu pia, na kuufuta kungemfuta na yeye.

Tulihamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya Fundi, ambako mlio wa vyerehani huanza asubuhi na mapema. Mkaza mjomba aling'oa miche yake ya nyanya akaipandikiza kwenye makopo, na hakutamka neno lolote la lawama, jambo lililomtesa mjomba kuliko lawama. Dobi alikuja kusaidia kubeba kabati. Alikuwa na shati lake la kijivu. Walilibeba hadi mlango mpya, wakalitua, na hapo ndipo alipouliza.

“Jirani. Mimi ungeniweka wapi?”

“Wewe sikuwa na kiti chako,” mjomba alisema. “Nilikuona kule kiwandani, jirani. Ulikuwa umesimama.”

Dobi alifuta uso kwa mkono wa shati. Akasema ana mashuka kwenye maji, akaenda.

Mjomba haruhusiwi kuingia ukumbini, kwa hiyo kila mwezi hunituma mimi roshani. Haniulizi baraza limejadili nini. Huuliza kuhusu kiti kile kimoja. Miezi mitatu nilimletea jibu lile lile, kwamba ni kitupu, naye aliguna akaendelea na kazi yake mpya ya kukaza vyerehani vya Fundi. Mwezi wa nne nilimwambia kuna kofia juu yake. Alitaka kujua ni ya nani. Nikamwambia ni ya mmoja wa vijana wa Mwenye Mabasi, na kwamba huenda alikosa tu pa kuiweka.

Jana nilirudi kutoka kikao cha tano. Mjomba alikuwa ananingoja nje, spana mfukoni, akitembea kati ya ukuta na pipa la maji. Nilimweleza nilichokiona: Mwenye Mabasi mwenyewe, na ile suti yake ya kahawia, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti kile, akimsikiliza Kamanda na kuitikia kwa kichwa.

“Amekaa,” aliuliza mjomba, “au ameegemea?”

“Ameegemea.”

Alikwenda hadi kwenye pipa, akarudi. Akaitoa spana, akaitazama, akairudisha mfukoni.

“Mwezi ujao uwahi,” alisema. “Ukae mbele, uone vizuri.”